Msimu wa muziki na tamthilia Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Idi ikikaribia, na tena mvua za masika zikishakatika, naanza kupigiwa simu. Shangazi anataka kujua taarab ni wapi. Kijana wa ofisini anauliza kama saa 2 iliyoandikwa kwenye bango ni saa 2 ya kweli. Jirani ana mgeni kutoka Mwanza na hajui ampeleke wapi Jumamosi. Maswali ni yaleyale, nimeona niyajibu mahali pamoja. Mimi si mwenye ukumbi wala promota. Ni mtu ninayekwenda, ninalipa kiingilio, na ningependa viti visibaki vitupu.

Msimu unaanza lini na kuisha lini?

Kumbi nyingi za Ulaya hufungua msimu mwezi wa tisa na kuufunga karibu na mwezi wa sita. Dar haiendi hivyo. Kalenda yetu inapangwa na vitu viwili: mwezi mtukufu na mvua.

Ramadhani ikiingia, muziki wa jukwaani unanyamaza kwa sehemu kubwa. Vikundi hutumia mwezi huo kutunga na kufanya mazoezi, ndiyo maana Idi Mosi na Idi Pili zinakuwa siku nzito kuliko zote kwa taarab na dansi. Nyimbo mpya zinasikika kwa mara ya kwanza, watu wamevaa nguo mpya, na mlangoni kuna msongamano tangu magharibi. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Idi nayo inahama. Ratiba ya mwaka jana haitakusaidia.

Masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, hupunguza maonesho ya uwanjani na kwenye bustani. Kuanzia mwezi wa sita hadi Desemba ndipo mambo yanapamba moto. Vuli hunyesha kuelekea mwisho wake lakini haisumbui sana. Desemba ni ya kwaya: ukipita Azania Front au Mtakatifu Yosefu jioni ya siku za mazoezi utasikia sauti nne zikipangwa moja moja, soprano wakirudishwa mstari uleule mara sita hadi mwalimu aridhike. Pita usikilize hata kama kanisa si lako.

Weka akilini pia safari mbili za nje ya jiji. Mwezi wa pili kuna Sauti za Busara pale Mji Mkongwe, Zanzibar, tamasha lililoanza 2004. Na Bagamoyo, kilometa kama 70 kutoka mjini, taasisi ya TaSUBa ina tamasha lake la sanaa kila mwaka. TaSUBa ndiyo ile iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na wachezaji, wapiga ngoma na waigizaji wengi unaowaona Dar wamepita hapo.

Nitafute maonesho kwenye kumbi zipi?

Inategemea unataka nini. Jiji halina jumba moja ambalo kila kitu hupita hapo, na hilo wageni huchelewa kulielewa.

Matamasha makubwa na taarab ya sikukuu huenda Diamond Jubilee, Upanga, au Mlimani City. Upanga hiyohiyo kuna Alliance Française na Goethe-Institut, ambako utakutana na bendi zinazojaribu kitu kipya, ngoma zilizochanganywa na gitaa, ngoma za kisasa za jukwaani, na mara nyingine usiku wa mashairi. Nafasi Art Space ipo Mikocheni, ni mahali pa wasanii wa kila aina, na maonesho yake yana hewa ya nyumbani. Little Theatre, Barabara ya Haile Selassie, ni ya tamthilia, nyingi zikiwa za Kiingereza. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nayo ina ukumbi wa maonesho, na watu wengi hupita nje pale kila siku bila kujua. Kijiji cha Makumbusho kipo Barabara ya Bagamoyo, na ngoma huchezwa palepale kati ya nyumba za jadi.

Halafu kuna Chuo Kikuu, Mlimani. Maonesho ya wanafunzi wa sanaa hayatangazwi sana, lakini mimi sikosi nikiyasikia. Nitaeleza sababu hapo chini kwenye swali la tamthilia.

Dansi lina njia yake. Bendi kongwe hupiga zaidi kwenye baa zenye ukumbi na uwanja wazi kuliko kwenye majumba ya viti. Uliza dereva wa bajaji mwenye umri, atakueleza vizuri kuliko bango.

Saa 2 usiku ni saa 2 kweli?

Kwa tamthilia, ndiyo. Fika saa 1 na nusu. Pazia likishafunguka, ukiingia unapita mbele ya macho ya watu walioanza kuelewa kisa, na waigizaji nao wanakuona.

Kwa dansi na taarab, saa ya bangoni ni ya kufungua mlango. Vyombo vinajaribiwa, mtu wa mitambo anasema "moja, mbili, moja, mbili" kwenye maiki hadi aridhike, wapigaji wanaanza na vipande visivyo na uimbaji. Waimbaji wakubwa hawapandi mwanzoni. Hata hivyo nakushauri ufike mapema, kwa sababu huo mwanzo ni mtamu na watu wengi hawaujui: ukumbi nusu mtupu, mpiga solo hana haraka, anajaribu mambo ambayo saa 5 usiku hatathubutu kuyapiga.

Tiketi nazipataje, na kiingilio ni kiasi gani?

Kiingilio hubadilika kwa ukumbi, siku na jina la msanii, kwa hiyo soma tangazo husika. Vituo vya utamaduni mara nyingi hutoza kidogo au havitozi kabisa. Maonesho makubwa huuzwa kwa madaraja, kawaida na viti maalumu, na tiketi za mapema huwa nafuu kuliko za mlangoni.

Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea kwenye skrini ndilo lililotangazwa kabla hujaweka namba ya siri, na usifute ujumbe wa malipo. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kulipia watu wanne onesho lililoahirishwa saa chache kabla, na nilipodai fedha nikaambiwa nilete ujumbe ambao nilishaufuta. Sikurudishiwa hata senti. Tangu siku hiyo ujumbe wa tiketi naupiga picha palepale.

Sijawahi kwenda taarab. Ile habari ya kwenda kumtunza mwimbaji ni lazima?

Si lazima. Lakini ukikaa ukumbini bila kuielewa, nusu ya onesho itakupita.

Neno taarab lina asili ya Kiarabu, kwenye maana ya kuguswa na muziki hadi mtu asijizuie. Ulianza kama muziki wa jumba la Sultani Zanzibar, ukatoka nje kwa watu wa kawaida, na Siti binti Saad ndiye aliyeubeba kwa Kiswahili hadi kwenye sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Bara ukapata sura yake. Miaka ya 1990 hapa Dar, vikundi vya TOT na Muungano vilishindana kwa mipasho hadi mashabiki wakagawana mitaa, na onesho moja la wakati huo lilikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarab, vyote kwa kiingilio kimoja. Aliyekulia kwenye maonesho yale haoni ajabu muziki na tamthilia kukaa kwenye ratiba moja.

Sasa kutunza. Mwimbaji anaimba ubeti, na ule ubeti unamgusa mtu fulani pale ukumbini. Huyo mtu anainuka na noti. Ni shukrani kwa mwimbaji, ila pia ni kusema jambo mbele za watu bila kufungua mdomo.

Niliwahi kukaa nyuma ya mama mmoja wa makamo ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo. Ubeti wa tatu ulipoingia, aliinama akavua viatu, akaviacha chini ya kiti. Akafungua pindo la khanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaikunjua bila haraka, akaishika juu ya kichwa kwa ncha za vidole viwili. Hakwenda moja kwa moja jukwaani. Alizunguka njia ndefu, akapita mbele ya meza moja ya upande wa kulia, akasimama hapo kidogo, mabega yakifuata mdundo wa dumbaki, uso hana habari na mtu. Ndipo akaenda kumkabidhi mwimbaji. Mwimbaji akaurudia ubeti uleule. Meza ya kulia walielewa, na sote tulielewa, na hakuna aliyetaja jina.

Kwa hiyo: kama hujui ubeti unamsema nani, kaa. Ukipenda sauti tu na huna neno na mtu, subiri wimbo wa mapenzi au wa kumsifu mama, nenda kwa mwendo wa kawaida, mpe, rudi. Noti ndogo haimtii mtu aibu.

Ukisikia kwamba kikundi kinakuja na ganuni, udi, fidla na akodiani badala ya vinanda vya umeme peke yake, acha shughuli nyingine. Nafasi hizo si nyingi, na mpiga ganuni akianza kukaza nyuzi zake kabla ya wimbo, watu wanaojua wanaacha kuongea.

Tamthilia hizi tulizisoma shuleni. Kwa nini nilipe kuziona?

Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote, kwa sababu lawama si ya anayeuliza. Tulizisoma kama orodha ya dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Tulijibu mtihani, tukafunga kitabu.

Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Sote tunajua inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Darasani, maji ni ishara, andika alama mbili. Jukwaani, maji yapo ndani ya chombo, mbele yako. Nilipoiona na wanafunzi wa Mlimani, hapakuwa na mapambo: kibuyu, mikeka, taa mbili. Kijana aliyecheza Kinjeketile alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhania. Walipoanza kumwamini wote kwa pamoja, uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyeona kwamba neno limeshamtoka na halirudi. Nilikuwa nimekisoma kile kitabu mara tatu na sikuwahi kujua kwamba yule mtu anaogopa. Hilo haliwezi kuandikwa kwenye mwongozo wa mtihani. Linahitaji mwili wa mtu na kimya cha watu waliokaa pamoja gizani.

Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa 1982, ndiyo kabisa haikuandikwa ili isomwe kimyakimya. Kuna Bi Msimulizi anayezungumza na watazamaji, kuna nyimbo, kuna wanawake wanaohangaika kuisimamisha ile nguzo. Ukiisoma unajua haisimami. Ukiiona, unasikia uzito wake mabegani, na kina mama waliokaa mstari wako wanaanza kuguna kila mhusika mmoja akiiacha kamba kwenda kwenye mambo yake. Kuguna huko ni sehemu ya onesho. Walimu na wasanii wa Chuo Kikuu wa kizazi kile walikusudia hivyo, walichukua usimulizi wa hadithi za jioni na ngoma wakavirudisha jukwaani.

Na wanaodhani tamthilia kubwa ni za Kiingereza tu wakumbuke kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa na nchi nzima mabegani, alikaa akatafsiri Shakespeare mara mbili: ya Kaizari ikatoka 1963, na Mabepari wa Venisi 1969. Alitaka kuona Kiswahili kikiubeba ule mzigo. Kikaubeba.

Kwenye dansi la viti, naruhusiwa kusimama nikacheza?

Unaruhusiwa, ila jua wakati wake. Wimbo wa dansi la zamani una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno: gitaa zinakwenda polepole, mwimbaji anatoa kisa chake, waitikiaji wanamjibu, tarumbeta na saksafoni zinapokea. Hapo watu husikiliza, au wanandoa wanacheza taratibu. Halafu tumba inabadili mwendo, besi inafuata, na chemko linaingia. Hapo hata mzee mwenye fimbo atasimama. Anayecheza kwa fujo wakati wa maneno anaonekana mgeni.

Utasikia watu wakiulizana, "Wewe Msondo au Sikinde?" Si mzaha wa kupita. Msondo Ngoma ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na jina lilibadilika kila chama kilipobadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi mashabiki wakaita kwa jina la mtindo wenyewe. Mlimani Park ilizaliwa 1978 na mtindo wake ni Sikinde, "ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani kwa lugha ya Wazaramo, wenyeji wa jiji hili. Muhidin Maalim Gurumo aliimba kwenye zote mbili kabla ya kufariki 2014, kwa hiyo anayekwambia huwezi kuzipenda zote mwambie Gurumo aliziimba zote. Mimi ni Sikinde, kwa sababu ya zile tarumbeta, lakini siku wakipiga Msondo siendi nyumbani.

Ukipata nafasi ya kuwaona wazee wa bendi hizi, usiseme utakwenda mwezi ujao. Kila mwaka tunazika mmoja.

Na singeli?

Singeli imetoka uswahilini, Manzese, Tandale, Mbagala huko, na imeanza kupanda majukwaa ya viti. Kasi yake haifanani na kitu kingine. Vaa viatu vya kufunga na usikae mbele ya spika.

Naweza kuja na watoto?

Maonesho ya mchana na ngoma za Kijiji cha Makumbusho, bila shaka. Usiku wa taarab, waache kwa bibi yao, mafumbo mengine yatakuletea maswali njiani. Tamthilia, uliza mapema.

Mtoto akienda mara ya kwanza, mweleze kabla kwamba taa zitazimwa. Hilo huwatisha kuliko chochote. Na msimulizi akiita "Paukwa!" mwachie aitikie "Pakawa!" kwa sauti yake yote, usimzibe mdomo. Hadithi bila kuitikiwa haiendi.

Je, nikitaka kurekodi kwa simu?

Kwenye tamthilia, hapana. Zima kabisa, maana mwanga wa skrini moja unaonekana na kila aliye nyuma yako na mwigizaji pia. Kwenye muziki, wimbo mmoja unatosha, shikilia simu usawa wa kifua, usiinyanyue juu ya kichwa cha mwenzako. Usirushe onesho zima mtandaoni moja kwa moja. Yule mpiga besi anaishi kwa kiingilio.

Nivae nini?

Safi, na ya kwako. Taarab watu hupendeza sana, kina dada huja na sare walizoshona kwa ajili ya usiku huo. Kwingineko shati na suruali vinatosha. Maonesho ya bustanini beba khanga ya kujifunika miguu, mbu wa Upanga na Mikocheni hawana likizo.

Mama yangu hawezi ngazi. Atafika kwenye kiti?

Piga simu ukumbini mapema uulize mambo matatu: ngazi ngapi mlangoni, choo kiko ghorofa gani, na gari linaweza kusogea hadi wapi. Usikubali jibu la "hamna shida, mlete tu". Omba mtu atakayekupokea na jina lake. Nimeona bibi wa watu akibebwa na vijana wanne kupandishwa ngazi mbele ya umati, kwa nia njema, naye akatazama chini usiku mzima. Kumbi za bustanini na za chini mara nyingi ni rahisi zaidi. Mchagulie kiti cha pembeni, karibu na njia, asilazimike kuwapisha watu.

Kurudi nyumbani usiku je?

Panga kabla hujatoka. Mwendokasi ni mzuri wa kwendea kama unatoka Kimara, Magomeni au Morocco, kwa sababu foleni ya jioni haikugusi. Kurudi ni hesabu nyingine, usiku mabasi hupungua, na onesho likichelewa kuisha utabaki kituoni. Bajaji ya mtu unayemjua, au ya kuita kwa simu, ndiyo salama. Tukiwa wanne tunagawana, inakuwa nafuu.

Mvua kubwa ikinyesha, ulizia hali ya Jangwani kwanza. Mto Msimbazi ukifurika barabara hufungwa, na nimewahi kulala kwa rafiki Upanga nikiwa na nguo za ukumbini.

Umeme ukikatika katikati ya onesho?

Kaa ulipo. Kumbi nyingi zina jenereta, itawaka ndani ya dakika chache. Usiku mmoja jenereta iligoma. Waigizaji walisimama gizani kidogo, halafu mmoja akaendelea na maneno yake kama vile hakuna kilichotokea, na watu wa mstari wa mbele wakawasha tochi za simu wakazielekeza miguuni pake. Tulimaliza tamthilia hivyo. Nafikiri hakuna aliyekuwepo aliyeusahau ule usiku.

Nikienda peke yangu nitaonekanaje?

Kama mtu aliyekuja kusikiliza. Kaa mstari wa tatu au wa nne, karibu na wazee. Watakuuliza umetokea wapi, watakwambia nani anapiga rizimu, na kabla ya mapumziko mtu atakuwa ameshakuagizia soda.

Naweza kuongea na wasanii baada ya onesho?

Ndiyo, na wanapenda kuliko unavyodhani. Usiwafuate vyumba vya kubadilishia nguo. Subiri karibu na jukwaa wakati wanafungasha. Waimbaji huzungukwa na watu, kwa hiyo mimi huenda kwa wapigaji. Mwambie mpiga tumba ni wapi hasa alipokugusa, wimbo gani, mahali gani. "Mlipiga vizuri" anaisikia kila siku. Mara ya mwisho nilimwambia mzee mmoja wa saksafoni kwamba alipochelewa kuingia kwenye kiitikio cha pili nilidhani amesahau. Aliweka kasha chini, akalifungua tena, akaitoa saksafoni na kunipigia kile kipande kwa sauti ya chini, mara mbili, ili nisikie kwa nini alisubiri.